Panga digrii ya hisabati kuanzia mwaka wa mwisho kurudi nyuma

Vijana wanaoanza digrii ya hisabati wananiuliza sana, eti semista ya kwanza nichukue kozi gani, na mi huwa nawarudishia swali, semista ya mwisho unataka uwe unasoma nini? Wengi wanaona nawazungusha. Lakini semista ya kwanza karibu kila mahali imeshapangwa na watu wengine kabla hujafika, utakuta kalkulasi, linia aljebra, programu kidogo, takwimu za mwanzo, na hapo huna cha kuchagua zaidi ya kwenda darasani. Uamuzi wenyewe uko mbele, kwenye kozi za juu, na ukisubiri mpaka ufike huko ndo uamue unakuta ulitakiwa uwe umeamua mwaka na nusu uliopita.

Kisa ni kwamba kozi za hisabati zinabebana. Tuseme unataka umalize ukiwa umesoma probabiliti ya kiwango cha juu, labda unafikiria masta ya takwimu au hisabati ya fedha. Msingi wa hiyo probabiliti aliuweka Mrusi Andrey Kolmogorov mwaka 1933, aliposema probabiliti ni kipimo cha seti ambacho jumla yake ni 1. Sawa, kwa hiyo kabla yake inabidi usome nadharia ya kipimo. Kabla ya kipimo inabidi uwe umetulia kwenye rial analisisi, yaani kalkulasi ileile ila sasa kila kitu kinathibitishwa, na sio ile ya kwanza tu, hata ile ya pili yenye nafasi za metriki, yaani seti ambazo umbali kati ya nukta na nukta unapimika. Kabla ya rial analisisi ya pili kuna ya kwanza bila shaka, na kabla ya hiyo kuna kalkulasi yenye mfululizo pamoja na kozi ya kujifunza kuandika uthibitisho.

Sasa hesabu. Digrii ya miaka mitatu ina semista sita. Kalkulasi semista ya kwanza, uthibitisho na mfululizo ya pili, rial analisisi ya kwanza semista ya tatu, ya pili semista ya nne, kipimo ya tano, probabiliti yenyewe ya sita. Umeona? Zimeisha. Hakuna hata semista moja ya kupumua. Alafu kumbuka kozi za juu nyingi zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka, na zipo ambazo zinakuja mwaka mmoja zinaruka mwaka unaofuata kwa sababu wanafunzi ni wachache au mhadhiri wake ni mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema acha rial analisisi niisogeze mwaka wa tatu nikiwa nimekomaa, huyo anaikuta semista ya tano, ya pili yake semista ya sita, anavaa joho, na ile probabiliti hajaiona hata kwa dirishani. Na hajafeli chochote. Matokeo yake mazuri tu.

Digrii ya miaka minne inakupa semista mbili za ziada za kuteleza, ila watu wanazila mwanzoni kabisa kwa kujaza vikozi vyepesi wakidhani wanapandisha GPA.

Ninachowaambia wafanye ni hiki. Chukua prospektasi ya chuo chako, tafuta karatasi kubwa, kila kozi iandikie jina lake, alafu chora mshale kutoka kozi tangulizi kwenda kwenye kozi inayoitegemea. Ukimaliza una grafu ya mishale isiyo na mzunguko, na hiyo yenyewe ni hisabati utakayokuja kuisoma. Kitu kinachoamua utamaliza kwa semista ngapi kwenye hiyo picha ni mnyororo mrefu kuliko yote, wala idadi ya kozi haihusiki sana. Kozi thelathini zisizotegemeana, kinadharia unaweza kuzipanga vyovyote, lakini kozi sita zilizofuatana mstari mmoja zinataka semista sita hata uwe na akili kiasi gani. Kwa hiyo tafuta minyororo mirefu inayoishia kwenye kile unachokitaka na hiyo ndo uiweke kwanza kwenye ratiba, mengine yataingia kwenye mapengo. Weka alama pia kwenye kozi inayofundishwa semista moja tu. Ukiangalia kozi zenye mishale mingi inayotoka, karibu vyuo vyote utaona mbili zinaongoza, linia aljebra na rial analisisi.

Tuanze na linia aljebra maana ndo inayodharauliwa. Mwaka wa kwanza unafundishwa kutatua milinganyo kwa matriksi, kutafuta ditaminanti, mambo ya mikono, unapata A, unaona umemaliza. Hujamaliza bado. Ile ni nusu. Nusu nyingine ni ile ya nafasi za vekta na uhusiano wa mstari kati ya nafasi na nafasi, ambapo vekta sio tena kimshale kwenye karatasi, inaweza kuwa polinomia, inaweza kuwa fankisheni. Mfano mdogo ambao mi naupenda sana, chukua polinomia zote za daraja la 2 kushuka chini, msingi wake ni 1, x na x². Difaresheni inageuza 1 kuwa 0, x kuwa 1, x² kuwa 2x. Iandike kama matriksi ya 3 kwa 3, utapata 1 na 2 juu kidogo ya ulalo na kwingine kote sifuri. Sasa izidishe hiyo matriksi yenyewe kwa yenyewe mara tatu, unapata sifuri tupu, na ukitulia unaona kwa nini, polinomia ya daraja la 2 ukiidifarenshieti mara tatu hakibaki kitu. Yaani kalkulasi na matriksi vilikuwa kitu kimoja muda wote na hakuna aliyekwambia.

Hii nusu ya pili ndo inayotumika kwenye milinganyo difarensha, kwenye rigresheni ya takwimu, kwenye kompyuta kujifunza kutokana na data, na kwenye abstrakti aljebra. Chuo kikiwa na linia aljebra ya pili, ichukue, hata kama imeandikwa ni ya hiari. Mi sijawahi kukutana na mtu aliyesoma hisabati akajutia kusoma linia aljebra nyingi.

Sasa tuje kwenye penyewe. Sehemu ambayo digrii ya hisabati inageuka na kuwa kitu kingine kabisa ni pale unapoacha kukokotoa unaanza kuthibitisha, na mpango wako wote ujengwe kuzunguka hapo. Watu wengi waliokuwa vinara shuleni wanaangukia hapa, na sio kwamba akili zimepungua, mchezo umebadilika wakati wao bado wanacheza ule wa zamani. Shuleni ulikuwa unapewa swali linalofanana na la jana. Pasti pepa za miaka kadhaa zilikuwa zinakutosha. Kwenye kalkulasi ya mwaka wa kwanza bado zinatosha, na hapo ndo zinakudanganya, maana unaingia rial analisisi na silaha ileile.

Ngoja nioneshe kwa karibu. Fankisheni ni endelevu kama kwa kila x na kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri ipo delta, nayo kubwa kuliko sifuri, ambayo y ikiwa karibu na x kwa chini ya delta, basi f(y) iko karibu na f(x) kwa chini ya epsiloni. Fankisheni ni endelevu kwa usawa kama kwa kila epsiloni ipo delta moja ambayo inafaa kwa x zote. Soma tena pole pole. Maneno karibu ni yaleyale, kilichohama ni nani anatajwa kwanza, kwenye ya kwanza delta inaruhusiwa kubadilika ukibadilisha x, kwenye ya pili delta inatajwa kabla x haijajulikana. Mwanafunzi anayekariri anaona hiyo ni sentensi moja iliyoandikwa mara mbili.

Sasa chukua x² kwenye mstari mzima wa namba halisi. Ni endelevu, hilo halina ubishi. Je, ni kwa usawa? Mwambie mwenzako achague delta yoyote anayoitaka, hata ndogo vipi, na wewe epsiloni yako ni 1. Akishachagua wewe chukua x iwe 1 gawa kwa delta, na y iwe x jumlisha nusu ya delta. Umbali kati ya x na y ni nusu ya delta, uko ndani ya sheria. Lakini y² toa x² inakuwa 1 jumlisha delta mraba gawa kwa 4, imezidi 1, ameshindwa. Na haijalishi alichagua delta gani, kila akichagua utamkimbiza mbali zaidi kwenye mstari na utamshinda. Mkifunga kwenye kipande cha kuanzia 0 mpaka 1 yeye ndo anashinda, delta ya nusu ya epsiloni inatosha kila mahali. Hapo hakuna fomyula uliyokariri. Kuna mchezo wa nani anaanza na nani anajibu, na ukishauona huo mchezo nusu ya rial analisisi inafunguka.

Na usijisikie mjinga ikikuchukua muda. Cauchy, mmoja wa watu walioijenga analisisi yenyewe, mwaka 1821 aliandika kwamba mfululizo wa fankisheni endelevu ukikonvaji, yaani ukitulia kwenye jumla moja, basi jumla yake ni endelevu, na mwaka 1826 Abel akaonesha kuna mfululizo wa sin (ile ya trigonometria) unaokataa. Kilichokosekana ni hilohilo neno kwa usawa, na watu walitumia miaka kulikalisha vizuri. Mwaka 1872 Weierstrass naye akatoa fankisheni endelevu kila mahali ambayo huwezi kuidifarenshieti hata sehemu moja, ikawachanganya watu wazima wenye heshima zao. Wewe una semista moja, kwa hiyo ukijikuta unaelewa definisheni Jumatatu na Alhamisi imepotea, ni kawaida tu.

Kwa upande wa mpango hii ina maana gani? Kwanza kozi ya uthibitisho, ile ya mantiki, seti, indaksheni, fankisheni moja kwa moja na vitu kama hivyo, isome mapema, semista ya pili isipite. Chuo kisipokuwa nayo jisomee mwenyewe likizo ya kwanza, hakuna matumizi bora ya ile likizo. Pili, na hapa najua wahadhiri wengine hawatakubaliana na mi, usianze rial analisisi na abstrakti aljebra semista moja kama ndo mara yako ya kwanza kuandika uthibitisho. Ukipewa nafasi ya kuchagua anza na aljebra. Kundi, ndo kitu cha kwanza unachokutana nacho kwenye abstrakti aljebra, lina masharti machache tu yanayoingia kwenye mistari mitatu ya daftari, unaweza kuyashika kichwani yote kwa pamoja, na thioremu za mwanzo unazithibitisha kwa kuyatumia hayohayo, hakuna epsiloni wala kukadiria. Mkono ukishazoea kuandika ndo unaingia kwenye analisisi. Ila kama mnyororo wako mrefu unapita kwenye analisisi, kama yule wa probabiliti, huna anasa hiyo, anza nayo na aljebra isubiri.

Tatu, ile semista ya rial analisisi ya kwanza ipunguzie mzigo. Kozi nzito mbili, zilizobaki ziwe za kuandika programu au takwimu ambazo unajua utazimudu. Watu wanafanya kinyume, wanasema niyamalize magumu yote kwa pamoja, alafu semista inaisha wana kozi nne ambazo zote wameambulia nusunusu.

Na ukifeli je? Inatokea, na kwa rial analisisi inatokea kwa watu wazuri tu. Rudi kwenye ile karatasi, angalia mishale yote inayotoka kwenye kozi uliyoshika sapu, hizo zote zimesimama kwa sasa. Lakini angalia pia zile ambazo hazijaguswa: nadharia ya namba, kombinatoria, nadharia ya grafu, takwimu za matumizi, mbinu za kinumeriki za mwanzo. Hamishia hizo mwaka huu, na kozi yenyewe irudie nafasi ya kwanza inayopatikana, usiiache ikukalie mpaka mwisho. Nimeona mtu anaipeleka mbele semista baada ya semista kwa sababu anaiogopa, inakuja kumkuta pamoja na mradi wa mwisho.

Vitu vya nje ya hisabati nitavipitia haraka. Programu sio ya hiari siku hizi, Python au R inatosha, ila iandike kila semista hata kidogo, isiwe kozi moja ya mwaka wa kwanza alafu kwaheri. Siku ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 ikakujibu 0.30000000000000004 ndo utaelewa kwa nini kuna kozi nzima ya hisabati za kinumeriki na kwa nini kompyuta haina namba halisi. LaTeX, ile programu ya kuandikia maandishi yenye hisabati, jifunze mwaka wa pili kwa kuandikia asainmenti zako. Mtu anayeanza kujifunza LaTeX wiki ya kukabidhi mradi anapoteza usiku mzima kwa ajili ya bano moja lililokosekana. Kama chuo kinakulazimisha kuchukua kozi za idara nyingine, chagua idara moja ukae nayo, uchumi au fizikia au sayansi ya kompyuta, maana kozi mbili tatu zilizofuatana za uchumi zinakupa lugha ya kuongea na mtu wa uchumi, lakini moja moja kutoka idara tano zinakupa mistari mitano kwenye transkripti.

Swali la kazi linabadilisha ile karatasi lakini sio sana kama watu wanavyodhani. Anayewaza uaktuari, yaani hesabu za hatari za bima na pensheni, ajue mitihani ya mwanzo ya kitaaluma kwenye baadhi ya bodi ni probabiliti na hisabati ya fedha, na unaweza kuifanya ukiwa bado mwanafunzi, kwa hiyo probabiliti ya mwanzo, ile isiyohitaji nadharia ya kipimo, ije mwaka wa pili isisubiri. Anayetaka kufundisha asiikimbie jiometri na nadharia ya namba, sababu maswali ambayo watoto wanauliza kweli yanatokea huko. Anayewaza data, linia aljebra ya pili, takwimu, optimaizesheni. Na anayetaka masta ya hisabati tupu hana ujanja, analisisi zote, aljebra zote, kompleksi analisisi, topolojia, na kama inawezekana nadharia ya Galois mwishoni, ambayo ni zawadi ya mtu aliyesoma aljebra kwa mpangilio, maana inataka makundi, ringi, fildi na dimensheni za linia aljebra vyote mezani kwa wakati mmoja. Galois mwenyewe alikufa mwaka 1832 akiwa na miaka 20, na kazi yake kuu ilichapishwa mwaka 1846 na Liouville. Huwa nawaambia wanafunzi wa mwaka wa pili umri wao ndo ule, wanacheka, alafu wananyamaza kidogo.

Kuna mambo ya ofisini ambayo hayana utamu lakini yanawarudisha watu nyuma. Jamaa mmoja tuliyesoma naye alikuwa moto, topolojia anacheza nayo, alafu karibu na kuhitimu ikaonekana hajafanya kozi moja ya lazima ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, iliyogongana na kitu kingine kwenye ratiba akasema ataifanya baadaye. Ilikuwa inafundishwa semista ya kwanza tu. Wenzake wakahitimu, yeye akabaki kwa ajili ya kozi moja ya kuandika barua na ripoti. Kwa hiyo krediti zako zihesabu mwenyewe ukibakiza mwaka mmoja, moja moja, na orodha rasmi mkononi, alafu mpelekee mshauri wa masomo akuhakikishie kwa maandishi. Usiuamini mfumo wa kompyuta uliokuandikia asilimia fulani imekamilika.

Mradi wa mwisho utafutie msimamizi semista moja kabla haujaanza, na njia rahisi ya kumpata ni kusoma kozi yake ndogo ya juu yenye wanafunzi wachache, uulize maswali, upeleke kazi nzuri. Huyohuyo ndo atakuandikia barua ya mapendekezo, na barua ya mtu anayekujua kwa jina na kwa makosa yako ina uzito kuliko ya profesa mkubwa anayekukumbuka kama namba ya usajili. Mada ichague ndogo kuliko unavyotamani. Thioremu moja, uthibitisho wake kamili, mfano unaoweza kuukokotoa kwa mkono, na kwa kila sharti la hiyo thioremu mfano mwingine unaoonesha ukiliondoa hilo sharti mambo yanaharibika. Mwanafunzi aliyechukua RSA ya mwaka 1977, ile mbinu ya kuficha ujumbe kwa namba tasa, akaonesha vizuri jinsi inavyosimama juu ya thioremu ya Euler, alafu akakokotoa mfano wenye namba tasa ndogo kama 11 na 13 mpaka ujumbe ukarudi kama ulivyotumwa, huyo anatetea mradi wake bila jasho. Aliyeandika kichwa cha habari kuhusu dhana ya Riemann, ambayo mpaka leo hakuna aliyeithibitisha, anaulizwa swali la pili tu anaanza kuangalia viatu.

Na kitu cha mwisho kuhusu tarehe, ambacho hakimo kwenye prospektasi. Maombi ya masta na ya skolashipu nyingi yanatumwa wakati mwaka wa mwisho ndo kwanza unaanza au uko katikati, kwa hiyo transkripti watakayoiona inaishia mwaka wa nyuma yake. Kozi nzito uliyoihifadhi kwa semista ya mwisho itaonekana kama jina tu lisilo na alama. Kwa hiyo rial analisisi, abstrakti aljebra na ile ya juu inayokutambulisha zote ziwe zimeshapata alama kabla ya hapo, na kozi uliyoipangia semista ya mwisho iandike kwenye barua yako ya maombi kwamba unaisoma, na useme ni ya nini.